Maji ya Kuonyesha Wageni

Jina la Bi Koki hakupewa na wazazi wake. Alipewa na watu wa mitaa miwili, Mtaa wa Juu na Mtaa wa Chini, kwa sababu kwa miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyewafungulia na kuwafungia maji. Akalizoea kiasi kwamba akiwa zahanati, muuguzi akaita jina lililoandikwa kwenye kadi, yeye alitulia tu kwenye benchi akimngoja mwenye jina ainuke.

Kibanda chake cha pampu kilikuwa na chumba kimoja. Mlikuwa na pampu mbili, moja nzima na moja ya kunyofolewa vipuri. Kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Na ukutani spana saba, zimepangwa kuanzia kubwa hadi ndogo. Sakafuni zilichomoza koki mbili kubwa, kila moja na usukani wake wa duara. Alfajiri alifungua ya kulia, Mtaa wa Juu wakapata maji. Saa nane mchana aliifunga hiyo akafungua ya kushoto, Mtaa wa Chini nao wakapata. Kuwapa wote kwa pamoja haikuwezekana, maana nusu ya maji yalinywewa na ardhi kabla hayajafika kwa mtu.

Bomba lilikuwa la chuma, na lilizikwa kabla Bi Koki hajazaliwa. Waliolizika walikwepa kuchimba mara mbili, wakalilaza mtaro mmoja na bomba la majitaka. Yalipokuwa mapya haikuwa neno. Yalipozeeka yakawa kama watoto wawili waliolazwa kitanda kimoja, na mmoja wao kikojozi. Maji yakiwa na nguvu, bomba safi lilivujia nje tu. Yakifungwa, bomba likabaki tupu, na uchafu wa jirani ukapenya ndani kidogo kidogo kupitia matobo yale yale, ukangoja. Ndiyo maana watu wa Mtaa wa Chini walijua kwamba maji yakifika, ndoo mbili za kwanza ni za kumwaga. Asiyejua alikunywa, tumbo likamfundisha.

Dada yake mkubwa aliishi huko Mtaa wa Chini, nyumba ya tatu kutoka kwenye chemba kubwa ya majitaka, ile iliyofurika kila wiki ikatiririka barabarani. Huyo dada ndiye aliyemlea. Mama yao alipofariki, Bi Koki alikuwa bado hajaota meno yote, na dada akambeba mgongoni mpaka watu wageni wakadhani ni mwanawe. Sasa dada alikuwa mjane, magoti yamechoka, na kwa mwaka mmoja alikuwa amelazwa mara mbili kwa kuhara. Mara ya pili alitoka hospitali akiwa mwepesi kama kapu tupu. Mwanawe, aliyekuwa akifanya kazi mji wa mbali, alikuja akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Mama, nasikia mabomba mapya yameombwa," alisema. "Nangoja hayo. Yasipokuja, nakuja kukuchukua, na usiniletee maneno."

"Nikaishi kwenye nyumba ya mkeo, nihesabiwe vijiko vya sukari?"

"Hakuna atakayekuhesabia, mama."

"Basi nitajihesabia mwenyewe, na hiyo ni mbaya zaidi," akajibu dada, na Bi Koki akacheka pembeni. Lakini moyoni hakucheka. Kila jioni alipomaliza kazi aliteremka kwa dada yake, wakanywa chai ya rangi, wakasengenya nusu ya mji. Hakuwa na mume tena wala mtoto. Dada akiondoka, hizo jioni angezipeleka wapi?

Basi siku moja mhandisi alikuja kibandani. Alikuwa binti mwembamba mwenye viatu vya mpira vikubwa kuliko miguu yake, na ndiye aliyeandika ombi la fedha. Alikagua vipimo, kisha akaketi kwenye kile kiti cha waya, Bi Koki akawa anakishikilia kwa nyuma kisianguke naye.

"Mama, wakaguzi wanakuja wiki ijayo, Jumatano, saa nne asubuhi," alisema. "Fedha zipo, lakini miji inayoomba ni mingi. Watapima kila mahali, na penye hali mbaya zaidi ndipo patakapopewa. Sasa nakuomba kitu kimoja. Msiguse chochote. Panapovuja pavuje. Maji mfungue kwa saa zake. Wayaone kama tunavyoyaona sisi."

"Sawa, mwanangu."

"Msipambe, mama."

"Nimekusikia."

Na kweli alikuwa amesikia. Ila kusikia ni sikio, na kukubali ni kazi ya mtu mzima mzima. Binti alipokwenda, Bi Koki alikitazama kibanda kwa macho ya mgeni. Aliona utando wa buibui juu ya swichi, kutu chini ya pampu, na dimbwi kwenye kona lililokuwepo tangu mvua za mwaka jana. Akaona haya kama mtu aliyebishiwa hodi hajavaa. Mtoto huyu kasoma, alijisemea, lakini hajakaribisha watu. Nani humpa mtu sahani mpya, kama ile ya zamani kaiacha na ukoko?

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa na mawazo hayo hayo. Alikuja akiwa amefunga mikono nyuma, kitambi mbele.

"Bi Koki, hawa watu wakikuta uchafu watasema nini? Watasema hawa hata wakipewa dhahabu wataitia kutu."

"Mhandisi amesema tusiguse."

"Mhandisi atarudi kwao jioni. Aibu itabaki hapa na sisi."

Likawa limeisha hilo. Jumatatu Bi Koki alisugua sakafu kwa brashi ya waya, akapaka koki zote mbili rangi nyekundu iliyobaki kwenye geti la mwenyekiti. Jumanne alishuka mtaroni na furushi la vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Pale bomba lilipokuwa wazi, alifunga tobo moja baada ya jingine, akizungusha mpira na kuukaza kwa waya, mizunguko saba kila moja, kama anayemfunga mtoto kidonda. Alifunga kumi na tisa. Mikono yake iliijua kazi hiyo, na siku hiyo aliifanya vizuri kuliko siku zote.

Dada naye hakubaki nyuma. Bi Koki alimkuta ameinama na koleo, anamwaga mchanga kuizunguka ile chemba, huku majirani wakimletea makopo ya maua aliyoyapanga juu ya mfuniko.

"Dada, magoti hayo."

"Yaache, leo yamekubali. Hebu simama pale barabarani uniambie. Kunanuka?"

Bi Koki akavuta pumzi. "Kidogo."

"Kidogo si kunuka."

Lililobaki lilikuwa maji yenyewe. Wageni wangefika saa nne, na saa nne Mtaa wa Chini ulikuwa mkavu. Jumatano alfajiri Bi Koki alisimama mbele ya zile koki mbili, rangi yake haijakauka sawasawa. Alifikiri juu ya wageni wakifungua bomba uani kwa dada yake, bomba likikohoa upepo, kisha likitema yale ya rangi ya chai, mbele ya mwanamke aliyekesha anapanga maua. Hakuifungua ya kulia. Aliifungua ya kushoto, mpaka mwisho. Watu wa Mtaa wa Juu walioamka na ndoo zao aliwaambia wawe na subira, leo kuna ugeni. Kufikia saa nne, maji yalikuwa yamepita Mtaa wa Chini saa tano mfululizo, yameosha bomba lote, na ya kumwaga yalishamwagwa zamani.

Wakaguzi walikuwa watatu: mzee mwenye miwani, mama mwenye sanduku la vichupa, na kijana wa kuandika. Mhandisi alikuja nao. Alipoingia kibandani akaona zile koki nyekundu. Alimtazama tu Bi Koki, na Bi Koki akatazama spana zake.

Uani kwa dada, mzee alifunga kipimo chake kwenye bomba. Mshale ukapanda. Alikigonga kwa ukucha, mshale haukushuka. Yule mama akakinga kichupa, akakiinua juani. Maji yaling'aa kama macho ya mtoto mchanga.

"Hali si hivi siku zote," mhandisi akasema.

"Inawezekana, binti. Lakini sisi tunaandika tunachokiona na tunachokipima," mzee akajibu kwa upole, kisha akamgeukia Bi Koki. "Wewe ndiye mwenye koki. Hebu niambie mwenyewe, mama. Maji hapa hutoka hivi kila siku?"

Aliulizwa kwa heshima, kwa sauti ya chini, na alipewa muda wa kutosha kujibu. Baadaye ndicho kilichomuuma zaidi, kwamba hakuna aliyemharakisha. Mwenyekiti alikuwa nyuma yake, anapumua. Dada alikuwa mlangoni na kitambaa kipya kichwani, uso umemkunjuka kama wa mama siku mtoto wake anaitwa mbele kupewa zawadi. Aseme nini? Kwamba haya maji yamevalishwa? Kwamba maua yale yamekalia kinyesi?

"Ndiyo, baba," akasema. "Tunajitahidi."

Mwenyekiti akapiga makofi mawili matatu. Kijana akaandika.

Barua ilifika baada ya miezi miwili. Mhandisi aliileta mwenyewe, akaisoma akiwa amesimama mlangoni mwa kibanda. Ilisema hali ya maji ni ya kuridhisha, usafi wa mazingira ni mzuri, mhudumu anastahili pongezi. Fedha zilikwenda mji mwingine. Maombi yangepokelewa tena baada ya miaka minne.

"Wamekupongeza, mama," binti akasema. Hakukuwa na kejeli ndani yake, na Bi Koki alitamani ingekuwepo.

Kesho yake alimwachia jirani funguo, akapanda hadi ofisini kwa binti, akaomba karatasi. Alisema anataka kuandika kwamba alidanganya. Binti alimsikiliza mpaka mwisho.

"Tutaituma. Lakini nisikufiche, orodha imefungwa. Kule walikopewa, wameshaanza kuchimba."

"Huko nako wanaumwa?"

"Wanaumwa sana, mama."

"Basi wasinyang'anywe," Bi Koki akasema. Hata hivyo aliandika, kwa herufi zake za darasa la sita, moja moja, akataja matobo kumi na tisa na saa aliyofungua koki. Jibu lilikuja mwezi uliofuata, mstari mmoja: barua yako imepokelewa.

Kabla hata jibu halijafika, mpwa wake alikuja na gari la kukodi kumchukua mama yake. Nyumba ilikuwa imefungashwa mizigo minane na godoro. Bi Koki alisaidia kukunja mashuka, pembe kwa pembe, dada upande huu na yeye upande ule, kama walivyokuwa wakikunja tangu utoto. Shuka la mwisho liliwakutanisha, mikono ikagusana.

"Dada, ni mimi. Aliniuliza, nami nikamjibu uongo."

"Nilikuwepo. Nina magonjwa ya magoti, si ya masikio."

"Ningesema kweli, ungebaki."

Dada aliliweka shuka juu ya mzigo, akalilainisha kwa kiganja. "Na mimi ningeacha kupanga maua, wangenusa wenyewe bila kukuuliza. Tumelelewa hivyo, mdogo wangu. Mgeni akija unaficha mwiko uliovunjika. Nani alitufundisha kuuonyesha?"

"Yule binti alitufundisha. Alisema waziwazi, msipambe."

Dada alikaa juu ya mzigo, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza Bi Koki akaona alivyokuwa mzee.

"Usinililie," dada akasema mwishowe. "Nikiona machozi nitashuka, na huyu ameshalipia gari."

"Mama mdogo, na wewe njoo ukae na sisi," mpwa akasema akiwa na godoro kichwani. Alisema kwa moyo mweupe. Lakini saa nane ilikuwa inakaribia, na huko bondeni zilikuwepo nyumba sitini na mbili.

"Nani atafungua?" Bi Koki akamjibu.

Gari liliondoka taratibu kwa sababu ya mashimo. Dada alitoa mkono dirishani. Hakupunga, aliuacha tu nje mpaka kona. Bi Koki alipanda kwenda kibandani. Aliifunga ya kulia, akaifungua ya kushoto. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwa akilifanya zamani. Alishuka tena mpaka Mtaa wa Chini, akapita mlango kwa mlango akigonga, kwa wapangaji wapya na kwa watoto walioachwa peke yao.

"Msinywe bado," alikuwa akisema. "Mwageni kwanza."

Alipofika nyumba ya tatu kutoka kwenye chemba, mkono wake uliinuka wenyewe kugonga. Akaushusha, akaenda nyumba ya nne.