Kina cha Mtaro

Wiki ya kwanza ya muhula wetu wa mwisho, mkuu wa idara aliniita ofisini akanikabidhi fulana mpya yenye nembo ya chuo na bunda la vipeperushi. Jumamosi wangekuja wazazi na watoto waliomaliza shule kuulizia kozi, na mimi ningekaa kwenye meza ya uhandisi wa ujenzi.

"Wewe unajua kuongea na watu," alisema. "Waeleze maisha ya hapa yalivyo. Wakiuliza habari za mwaka jana, waambie ilikuwa ajali na chuo kimeshaishughulikia. Ishia hapo."

Nikaitikia. Nilikuwa nimeshazoea kuitikia.

Habari za mwaka jana ni hizi. Tulikuwa wanafunzi sita wa mafunzo kwa vitendo, tumepelekwa kwenye saiti iliyokuwa inachimbwa mtaro wa bomba la majitaka. Mmoja wetu tulimwita Babu. Hakuwa na mvi wala mjukuu. Alikuwa na miaka ishirini na saba tu, lakini alikuwa ameshika mwiko wa uashi kwa miaka mitano kabla ya kurudi shule, na mbele yake sisi wengine tulikuwa watoto wa juzi. Mimi aliniita Futi kwa ajili ya ufupi wangu, jina likaganda. Ndiye aliyekaa na mimi maktaba wiki nzima mpaka hesabu za mihimili zikaniingia.

Siku ile mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Mhadhiri aliyetusimamia alitaka vipimo vya chini kabla ya saa sita. Babu alichungulia mtaroni akasema, "Mwalimu, huu ukuta umepasuka. Tusubiri waweke mbao." Mhadhiri akamwambia kama anaogopa udongo akasomee ukarani. Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Babu akanitazama, akachukua futikamba mkononi mwangu, akashuka. Ukuta ulianguka taratibu, bila kishindo kikubwa, kama mtu mnene anayekaa kitini. Tulichimba kwa makoleo na kwa mikono dakika arobaini.

Wiki iliyofuata tuliitwa mmoja mmoja kusaini karatasi iliyokwisha kuandikwa: marehemu alishuka kwa hiari yake baada ya kukatazwa na msimamizi. Hakuna aliyetutisha. Tuliambiwa tu kwamba bila maelezo hayo alama za mafunzo zisingetoka, na bila alama tungerudia mwaka. Nilisaini kwa kalamu yao, nikasema asante nilipoirudisha.

Jumamosi ilipofika nilikaa mezani na fulana yangu. Mama mmoja aliniuliza kama hosteli za wasichana zina geti. Nikamwambia lipo, na mlinzi yupo, ila mlinzi ana usingizi mzuri. Alicheka, binti yake hakucheka. Kijana mwingine aliuliza kama hesabu ni nyingi, nikamwambia ni nyingi kuliko chakula. Kazi ilikuwa inakwenda. Nilianza hata kuifurahia.

Saa tano akaja mzee mmoja aliyevaa suruali iliyopigwa pasi, na viatu vyenye chokaa kwenye mishono. Nyuma yake alikuwa binti wa miaka kumi na tisa hivi, mwenye paji pana la uso kama la Babu. Yule mzee nilimwona kwa mbali siku ya mazishi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akavuta kiti, akakaa. "Kaka yake huyu alisoma hapa. Na yeye anataka hiyo hiyo. Ulikuwa naye darasa moja?"

"Ndiyo, baba. Poleni sana."

"Tumeshapoa. Siku ile ulikuwepo?"

Mkuu wa idara alikuwa meza ya tatu kutoka kwangu, akicheka na wazazi wengine.

"Nilikuwepo."

"Mimi ni mwashi, mwaka wa thelathini na mbili huu. Nataka kuuliza mambo ya fundi tu. Mtaro ulikuwa na kina gani?"

"Mita tatu na nusu."

"Mbao za kuzuia kuta?"

"Hazikuwepo."

"Udongo uliochimbwa waliurundika wapi?"

"Pale pale ukingoni."

Akafunga macho kidogo, akayafungua. "Mwiko nilimfundisha mimi. Alipokuwa na miaka kumi na saba nilimzaba kofi mbele ya mafundi wenzangu kwa kushuka kwenye mtaro wa mita mbili ambao haujazuiwa. Halafu chuo kikaniletea barua kwamba alikatazwa, akashuka kwa ukaidi. Nimeisoma mwaka mzima. Sasa niambie wewe."

Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ya chini, nikiwa nimeshika vipeperushi kama ninaeleza kozi. Nilitaja ukuta, ukarani, na kile kicheko.

"Na wewe ulicheka?" binti aliuliza.

"Nilicheka."

"Halafu ukasaini."

"Nikasaini."

Mzee alichukua kipeperushi kimoja, akakigeuza upande usio na maandishi. "Andika hayo uliyosema. Yote. Weka na tarehe."

Nilikuwa mstari wa mwisho mkuu wa idara alipotufikia, amekunjua tabasamu. "Karibuni sana. Binti yetu anawaeleza vizuri?"

"Anatueleza vizuri," mzee alijibu, akakunja karatasi na kuitia mfukoni mwa shati.

Aliipeleka polisi, na nakala kwa bodi ya wahandisi. Haikupita wiki mbili nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya chuo. Wenzangu wanne walishikilia karatasi zao za mwanzo. Niliyekuwa nalala naye chumba kimoja alisema, bila kunitazama, kwamba tangu ajali ile sijawa sawa kichwani. Mhadhiri alipewa likizo ya mwezi mmoja, akarudi. Kamati ikaona kwamba maelezo yangu mawili yanapingana, hivyo angalau mara moja nilidanganya kwa maandishi, na mwanafunzi anayedanganya kwa maandishi adhabu yake ni kusimamishwa mwaka mzima. Kwa hilo sikuwa na la kubisha.

Mama alikaa kitandani kwangu nilipokuwa nafungua begi nyumbani. "Ulikuwa umebakiza muhula mmoja tu," alisema. "Mmoja tu, mwanangu. Ulishindwa kuvumilia?"

"Nilivumilia mwaka mzima, mama."



Kesi ya kifo cha Babu imefika mahakamani. Jana iliahirishwa kwa mara ya tatu. Mzee nami tulikaa kwenye benchi la nje tangu saa mbili asubuhi, na karani alipotutangazia tarehe nyingine hatukuuliza sababu. Nikamwuliza habari za binti yake. Alisema ameingia chuo kingine, anasomea ualimu, na jina langu hataki litajwe nyumbani.

"Na wewe, baba?"

Alifikiri. "Mimi nakuhitaji," alisema. "Mengine sijayafikia."

Tukaagana getini.