Mshale Usioshuka

Tangu pikipiki ifungwe upya, mshale wa mafuta ulisimama kwenye kujaa, ukakaa hapo hapo. Asubuhi kujaa, jioni kujaa. Mkunga aliizungusha mitaani kutwa nzima, akarudi nayo nyumbani, mshale haujasogea hata unywele.

"Si unaona?" alisema mumewe. "Tangu nizibe tangi, inakula mafuta kidogo."

Mume alikuwa fundi baiskeli, na mtaa mzima ulimwita Spoki. Tangi lilikuwa likivuja kwenye maungio. Akalifungua mwenyewe, akalipeleka kwa mchomeaji, akalirudisha, akafunga kila kitu mahali pake bila kubakiza hata skrubu moja. Jambo hilo la skrubu alilitaja mezani, akalitaja kwa jirani, akalitaja tena kitandani akiwa nusu usingizini.

Kisha pikipiki ikazimika katikati ya kilima cha kwendea zahanati, mshale ukiwa kwenye kujaa. Mkunga akaisukuma hadi juu, gauni la kazi limelowa jasho. Alipofika, mtoto alikuwa ameshapokewa na mlinzi wa getini. Mtoto mzima, mama mzima, Mungu ashukuriwe. Ila tangu siku hiyo mlinzi akawa anawauliza wajawazito mimba zao zina miezi mingapi.

Mkunga hakucheka. Wifi yake, dada wa Spoki, alikuwa na mimba ya mapacha, tena uzazi wa kwanza, na alikaa kule juu karibu na zahanati. Mkunga mwenzake alikuwa likizo. Ikitokea amechelewa tena, hapakuwa na mwingine wa kumpokea wifi zaidi ya yule wa getini. Wifi mwenyewe alilijua hilo, na hakuiacha simu ipoe.

"Wifi, kaka yangu ameshaitengeneza?"

"Anaitengeneza."

"Hebu mpe simu. Kaka! Nikizalishwa na mlinzi, watoto wote wawili nawapa jina lako."

"Hiyo ni heshima," alijibu Spoki.

"Sijamaliza. Spoki na Spoki. Kila wakikosea, nitasimama mlangoni nilitaje hilo jina kwa sauti, na matusi juu."

Spoki akarudisha simu na kuchuchumaa mbele ya pikipiki uani. Akagonga kioo cha geji kwa ukucha. Akagonga tena kwa mpini wa bisibisi, labda mshale ulikuwa hausikii vizuri. Akajaribu honi, ikalia. Akawasha taa, zikawaka. Kisha akachomoa waya unaotoka kwenye tangi, na mshale ukaanguka mpaka chini.

"Umeona? Geji nzima hii!"

"Inafanya kazi ikichomolewa," alisema Mkunga.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo niendeshe ikiwa imechomolewa?"

Spoki alilifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko swali lenyewe lilivyostahili. Kisha akagusisha ncha ya waya kwenye chuma cha pikipiki. Mshale ukapanda mpaka juu. Akauachia, ukashuka.

"Geji nzima, waya mzima," alisema. "Basi ubaya uko..."

"Uko wapi?"

"Unaweza kuwa popote."

"Kuna geji, kuna waya, kuna tangi. Viwili umesema mwenyewe ni vizima."

"Tangi nimelifunga kwa mikono yangu hii."

"Ndiyo maana naliulizia."

Spoki akafuta mikono kwa kitambaa, ingawa haikuwa na grisi. "Au tuwe tunatumia kijiti. Unafungua kifuniko, unachovya, unatazama."

"Mama anasukuma mtoto kule juu, mimi huku nachovya kijiti."

Hapo simu ikalia. Alikuwa wifi, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

"Wifi, chupa imepasuka."

"Usiogope. Mwambie mumeo akupeleke zahanati sasa hivi, ulale kwa ubavu. Nakuja."

"Na mlinzi?"

"Nakuja, nimesema."

Spoki alikuwa ameshasimama. "Panda uende. Mafuta yapo."

"Kiasi gani?"

Spoki alirudisha waya mahali pake, akautazama mshale kwa mazoea. "Yamejaa," alisema. Akayasikia maneno yake mwenyewe. Akainama, akachukua spana.

Mkunga alimwacha afanye. Uzazi wa kwanza hauna pupa. Ulikuwa na nafasi ya spana, haukuwa na nafasi ya kusukuma pikipiki kilimani. Walimimina petroli kwenye dumu, ikafika nusu. Spoki akalegeza nati chini ya tangi na kuvuta nje kidude cha ndani: mkono mwembamba wa waya wenye boya mwishoni. Mafuta yakishuka, boya hushuka nayo, na mshale hufuata.

Boya hili lisingeweza kushuka. Mkono wake ulikuwa umefungwa juu kwa utepe wa tyubu ya baiskeli, umezungushwa na kuzungushwa, ukamaliziwa kwa fundo la kufungia mzigo kwenye keria. Utepe ulikuwa umevimba kwa petroli.

Wote wawili wakautazama.

"Nililifunga lisije likapinda njiani, wakati naenda kwa mchomeaji," alisema Spoki.

"Ulilifunga vizuri."

"Fundo langu halijawahi kufunguka."

"Nimeona."

Akalikata kwa wembe. Akaliinua boya kwa kidole, mshale ukapanda, akaliachia, ukashuka.

"Nisamehe, mke wangu."

"Nimekusamehe. Kaza nati."

Akakaza, akarudisha petroli, mshale ukasimama chini kidogo ya nusu. Mkunga akafunga mkoba wake nyuma ya kiti na kuondoka.

Katikati ya kilima alitupa jicho kwenye geji. Mshale ulikuwa unashuka, tena haraka. Pengine nati ilikuwa imelegea, na petroli yote inamwagikia barabarani. Akasimama na kupapasa chini ya tangi: pakavu. Akainusa mikono yake: haina kitu. Akafungua kifuniko, akachungulia. Petroli ilikuwepo yote, imeegemea nyuma kwa sababu ya mwinamo. Alirudisha kifuniko, akasema asante Mungu, akapanda. Juu, barabara ilipokuwa tambarare, mshale ukarudi mahali pake.

Wifi alikuwa kitandani, ameshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili.

"Umefika," alisema, bila utani wowote.

"Nimefika."

Mkunga alinawa mpaka viwikoni, akavaa glavu, akaomba dua fupi, maana kichwa kilikuwa kimeshaonekana. Wa kwanza alikuwa wa kiume, akatoka na kelele zake. Wa pili, wa kike, alichelewa kidogo. Huyo hakuna aliyemwuliza alikuwa wapi.