Barua Nne na Baiskeli Moja

Dada Khurshid alifika na hotipoti yake, kama kawaida. Sadru aliiona tangu mlangoni, ile ndogo ya kijani yenye kifuniko kilichochubuka, imefungwa kwa kitambaa, na moyo ukamwanguka kama unavyomwanguka kila anapoiona. Tangu saa moja asubuhi alikuwa jikoni. Kuku wa nazi tayari, wali tayari, kachumbari imekatwa nyembamba, hata mkate wa kumimina usio na sukari hata chembe, alioupika kwa kufuata daftari la marehemu mkewe Shaila. Na bado huyu dada yake wa pekee, aliyeletwa kwa gari na mwanawe kutoka Malvern mpaka Don Mills, hapahapa Toronto, kaja na dengu zake.

"Sukari, ndugu yangu," alisema Khurshid akivua viatu. "Daktari kanikataza vya nje."

Sukari! Sukari gani hiyo, iliyoanza kabla hajaugua? Watoto wote wa ukoo waliamini habari ya sukari, wala usiwalaumu, wamezaliwa hukuhuku wakaikuta hotipoti ipo. Lakini Sadru alijua, na Khurshid alijua kwamba Sadru anajua. Hajala kwa mdogo wake tangu mwaka wa sabini na nne. Jamatkhana kwenye sala wanakutana, harusini wanapiga picha pamoja, Sadru akiugua analetewa supu. Lakini kula chake? Thubutu! Hata maji Khurshid alikunywa ya chupa aliyokuja nayo. Sadru sasa ana miaka sabini na miwili, dada yake sabini na saba, na kitu kimoja tu alichokitaka hapa duniani ni huyu mama ale kijiko cha wali wake kabla mmoja wao hajatangulia.

Kisa chenyewe, ukikisikia upande wa Khurshid, utampa haki. Baba yao, mwenye duka la vitambaa Singida, alianguka dukani asubuhi ya Jumatatu, na Jumanne akazikwa. Telegramu ikapigwa Leicester, Uingereza, Sadru alikokuwa anasoma. Kimya. Siku tano, siku kumi, kimya. Badala ya jibu zikawa zinakuja barua. "Baba mpendwa, huku mvua tu, nashinda maktaba. Punguza pilipili." Barua za kumtania mtu aliyekwisha kuzikwa! Mama yao alitaka zisomwe, na aliyezisoma kwa sauti, mbele ya wanawake waliokuja kuhani, ni Khurshid. Sadru alipojibu hatimaye, siku ya kumi na tisa, aliandika kwamba telegramu aliipata ila hakuifungua. Alikuwa anajiandaa na mitihani, akaiweka mezani mpaka amalize.

Aliiweka mezani. Telegramu ya nyumbani! Khurshid alisema siku ile kwamba chakula cha mtu wa namna hiyo yeye hatakigusa, na akisema amesema.

Chakula kikawekwa. Inara, mjukuu wa Sadru anayekaa naye kwa ajili ya chuo, alikuwa na haraka ya kuwaonyesha picha. Alikuwa amerudi wiki mbili zilizopita kutoka Ufaransa, alikozunguka kwa baiskeli na wenzake watatu, siku kumi na mbili, misitu na vijiji. Akaunganisha simu na televisheni.

"Babu, kaa hapa. Bibi Khurshid, utaona vizuri hapo?" Alisema kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa chote ila ulimi hautaki kujisumbua.

Picha zikaanza kupita. Barabara nyembamba inaingia chini ya miti ya mialoni. Magogo yaliyopangwa kando ya njia. Kijiji cha nyumba kumi na mbili, madirisha yana mbao za buluu, mbwa kalala katikati ya barabara kama ni yake. Khurshid alikuwa anafungua hotipoti, hana habari. Sadru yeye alisogeza kiti mbele.

Kwa sababu, jamani, msitu ule aliujua. Kila mwezi wa kumi, majani yanapooza bondeni chini ya ghorofa yao, Sadru alikuwa anafungua mlango wa baraza na kusimama pale na sweta, anavuta harufu ya majani yaliyolowa na udongo, anatazama waendesha baiskeli wakipita kule chini kwenye njia ya bonde. Shaila alikuwa akimgombeza kwamba anapasha joto mji mzima wa Toronto. Hakuwahi kumwambia ananusa nini. Wala katika nchi hii hakuwahi kupanda baiskeli hata siku moja, na alipoulizwa alisema magoti.

Picha iliyofuata ilikuwa ya mahali pa zamani pa kufulia nguo, paa la vigae limeinama juu ya birika la mawe, maji ya chemchemi yanapita. Nyuma yake barabara inateremka na kupotelea kwenye miti.

"Mteremko huo mbaya," alisema Sadru. "Mwisho kuna kona huioni mpaka uifikie. Ushike breki mapema, kwenye ule ukuta."

Inara akageuka. "Babu, umejuaje? Mimi niliangukia hapohapo! Sijamwambia hata Mama."

Kijiko cha Khurshid kikasimama hewani. "Wewe Sadru. Ufaransa umekwenda lini?"

Angeweza kusema ameona kwenye televisheni. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, na uongo wa jambo hili alikuwa ameuzoea. Lakini alimtazama dada yake, mikono imejaa mishipa, ameshika kijiko cha dengu, akaona haya. Akasema, "Mwaka ule, dada. Mwezi wa nane."

"Mwezi wa nane upi?"

"Huohuo."

Basi akaeleza. Aliomba ruhusa akatembee Ufaransa kwa baiskeli, Baba akamjibu kwamba baiskeli ni ya muuza maziwa, likizo akae maktaba. Yeye akakaa usiku mmoja akaandika barua nne, kila moja na tarehe yake, mvua, maktaba, pilipili, zote. Akampa rafiki yake Zameer, mtaa wa pili, azitie posta moja kila Ijumaa. Zameer mtu wa ahadi, akazitia. Telegramu ilisukumwa chini ya mlango wa chumba kilichofungwa, ikalala sakafuni mpaka aliporudi, kachoka, kaungua pua na jua, anapiga mluzi.

"Niliikanyaga, dada. Niliikanyaga kabla sijaiona."

"Kwa hiyo haikuwa mezani."

"Haikuwa mezani."

"Na hukuiona ukaiacha."

"Ningeiachaje? Niliona aibu kusema nilikuwa nastarehe Baba anazikwa. Nikaona heri nionekane nimekazana na masomo."

Khurshid alipiga meza kwa kiganja mpaka kachumbari ikaruka. "Mwongo mkubwa wewe! Miaka hamsini na moja! Miaka hamsini na moja nakula dengu baridi kwenye nyumba yenye kuku, kwa sababu ya uongo wako!"

Inara alikuwa hajui acheke au akimbie. Khurshid alikuwa analia sasa, kwa hasira, anajifuta na kile kitambaa cha hotipoti. Sadru alikuwa anaogopa kwamba dada yake atasimama, atampigia mwanawe simu, na huo ndio utakuwa mwisho. Khurshid hakusimama. Alinyoosha kidole kwenye televisheni.

"Jumanne ile. Ulikuwa wapi?"

Sadru alijua. Alishazipanga siku zile tangu zamani, tarehe ya telegramu upande huu na safari yake upande ule. "Hapo," alisema. "Hapohapo kwenye picha. Mvua ilininyeshea msituni tangu alfajiri, nikakimbilia chini ya hilo paa, natetemeka. Akaja mama mmoja mzee na beseni la nguo. Akanitazama kaptula yangu, akacheka, akaenda zake. Akarudi na mkate wa moto na jamu ya matunda ya porini. Hatukuelewana hata neno. Alikaa tu mpaka nikamaliza wote. Mvua ikakatika, nikapanda baiskeli, nikauteremka huo mteremko nimeachia usukani, nashangilia kama mwendawazimu. Nikawa naimba."

"Unaimba nini?"

"Ule wa Baba. Wa kupimia vitambaa."

Baba yao alikuwa hapimi hata yadi moja bila kuimba. Wimbo wenyewe haukuwa na kichwa wala miguu, maneno ya Kikachi cha nyumbani na ya Kinyaturu cha Singida yamechanganywa, wateja wakimcheka.

"Saa ngapi?"

"Mchana. Kama saa saba, saa nane."

"Tulimzika baada ya saa nane," alisema Khurshid. "Nyumba nzima tulikuwa tunalia, Mama hajiwezi. Mimi nikawa nawaza, wimbo wake umekwisha, hakuna tena wa kuuimba. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, Sadru. Kumbe ulikuwa unaimbwa."

"Nilikuwa na furaha, dada. Nisamehe. Sijapata furaha kama ile tena."

"Nyamaza. Nikusamehe furaha?" Akakisukuma kile kihotipoti mpaka ukingoni mwa meza, akamwambia Inara amletee sahani, tena sahani kubwa, si zile ndogo. Akajipakulia mwenyewe, wali, mchuzi, paja la kuku. Sadru hakuthubutu kusogea. Akamtazama anamega, anapeleka mdomoni, anatafuna.

"Chumvi imepungua," alisema Khurshid, mdomo umejaa. "Jumatano tulishinda tunakunja mikeka ya wageni. Haya, wewe Jumatano ulikwenda wapi?"