Neno la Siri la Wegesa

Mwenzenu nilishachoka kabla hata siku haijaanza. Wiki tatu nzima nilikuwa nafundisha watu kufunga mafaili kwa neno la siri, kwa programu moja ya bure, kwa sababu mwaka juzi tulituma orodha ya mabinti waliokimbia kukeketwa kwenye grupu la WhatsApp, na kesho yake baba wa mmoja wao akaja ofisini nayo kwenye simu, anamtaka binti yake. Akampata. Yule mtoto alikeketwa. Tangu hapo sitaki kuona orodha imetumwa wazi.

Mwanafunzi wangu mgumu kuliko wote alikuwa Wegesa, mjitolea wetu kule Ringwani. Yeye ndiye aliyewaficha mabinti saba kwenye nyumba za watu, na sisi wa ofisi ya Tarime tulitakiwa kwenda kuwachukua. Tulishinda kwenye simu: bonyeza hapa, siyo hapo, rudi nyuma. Nikamwambia neno la siri atunge mwenyewe, liwe neno ambalo hakuna atakayelisikia kinywani mwake hata akiwa usingizini. Faili likifika, anitajie neno hilo kwa simu. Karatasi yenye majina achome. Akaitikia yote.

Faili likafika Ijumaa saa tano asubuhi. Gari lipo tayari, dereva ananuna, na tumesikia watoto wanaanza kukatwa kesho alfajiri. Umeme wa Ringwani ulikuwa umekatika tangu jana, na Wegesa alipomaliza kulituma, kompyuta na simu yake vyote vikaisha chaji, kwa hiyo akapiga kwa simu ya Faridu mwenye duka.

"Haya, lile neno," nikasema.

Wegesa akasema hawezi.

Nilidhani amesahau. Kumbe hajasahau. Neno lenyewe ni jina la baba mkwe wake. Kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe, na Wegesa hajalitamka miaka kumi na minne. Ndiyo maana akalichagua. Jamani! Jina ambalo kijiji kizima kinaliita kutwa, isipokuwa yeye. Sikujua nicheke au nilie. Na kosa ni langu, maana alinitii vilevile kama nilivyomwambia.

Nikamwambia aandike ujumbe. Akasema Faridu husoma kila kitu na ana mdomo. Nikasema alitaje herufi moja moja, akasema huko ni kulitamka vilevile. Basi amwombe mtu mwingine alitaje. Watauliza la nini, akasema, na baba mkwe mwenyewe amekaa hapo nje kwenye benchi, anasubiri tumbaku. Nikataka anitajie nyumba walimo mabinti, nikajiona mjinga kabla sijamaliza. Duka limejaa watu.

"Dada Beatrice, gari linaondoka saa ngapi?"

"Lilitakiwa liwe limeshaondoka."

Akavuta pumzi. Akanong'ona kitu, mtandao ukakimeza. Nikamwambia sisikii. Akarudia, nikapata nusu. Niliona aibu kumwomba tena, lakini nilimwomba.

"Wangwe Gesabo," akasema, kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya mto.

Nikasikia mwanamke mmoja akimwuliza kwa Kikurya kama amerukwa na akili. Nikaandika herufi moja moja, na faili likafunguka.

Nilitaka kumpa pole, ila macho yalikuwa yameshafika mstari wa kwanza. Boke Chacha Wangwe, miaka kumi na miwili. Mama: Wegesa. Anamkimbia: babu. Wiki tatu tumeongea kila siku, na hakuwahi kuniambia kwamba mmoja wa wale saba ni wake wa kumzaa.

"Limefunguka?" akauliza.

"Limefunguka."

"Basi anzeni na wa kwanza," akasema taratibu. "Babu yake amesikia, na ameshasimama."