Dari la Shangazi Kasilda

"Shangazi, mimi dari likiniona tu linajinyoosha lenyewe kwa woga!" Gervasi alipanda ngazi, bisibisi ameichomeka sikioni kama kalamu ya karani.

Ukweli ni kwamba kule Gitega, miezi minne kwa fundi Venansi, kazi yake ilikuwa kubeba mbao za jipsam za dari na kukoroga unga wa kuzibia. Bisibisi alikuwa akimpokeza fundi tu. Lakini hayo angemwambiaje shangazi aliyemlea katika kambi ya wakimbizi Tanzania, wakarudi pamoja kwao amani ilipopatikana? Leo Kasilda alikuwa amealika kikundi cha sala hapa Muyinga, kushukuru kwa nyumba yake ya kwanza yenye dari.

Dari lenyewe lilikuwa limeshuka katikati ya sebule kama tumbo la bwana harusi aliyeshiba. Gervasi akalisukuma juu kwa mti, akakaza skurubu. Ikazunguka bure. Nyingine, vilevile. Akachungulia kwenye ufa: boriti zote zililiwa na mchwa, limebaki ganda. Ilibidi kushusha ubao mzima na kubadilisha boriti, siku mbili nzima. Na shangazi alishaanza kupanga viti.

Akaziba matundu kwa unga, akapaka rangi, akauondoa mti; dari likabaki juu, limeshikwa na unga tu.

"Ee, mwanangu! Jeupe kama maziwa!"

"Nilikwambia nini?" Sauti ilimtoka nyembamba.

Saa nane wakaja watu ishirini, wakaimba, wakakanyaga sakafu kwa miguu yote. Bibi Gaudensia, mkongwe wa kikundi, akapewa kiti cha heshima: katikati kabisa.

"Tufumbe macho," akasema shangazi, akasimama mbele kuongoza sala.

Wote wakafumba, isipokuwa Gervasi. Ti! Vumbi jeupe likadondoka kwenye kilemba cha bibi. Ti! Ufa ukatambaa kwenye rangi mbichi. Alitaka kupiga kelele, lakini shangazi pale mbele anashukuru kwa machozi, anamtaja yeye, "mtoto wangu fundi."

Dari likaanza kushuka, polepole, kama mtu anayeinama kunusa chungu. Gervasi akarukia benchi, akalipokea kwa viganja na utosi. Uzito ukamwingia mpaka magotini. Mikono juu, jasho likimtiririka, akaonekana mcha Mungu kuliko wote.

"Amina!" wakaitikia. Dari likatetemeka.

Hapo akaona jicho moja liko wazi. Lilikuwa la Mama Cibalonza, jirani Mkongo muuza vitenge. Likatazama viganja, likatazama ufa, likamrudia usoni.

"We Gervasi," akauliza, "we iko unaomba, ama iko unabeba nyumba?"

Sala ikakatika. Macho yakafumbuka, ya shangazi yakiwa ya mwisho.

"Mtoeni bibi kwanza," Gervasi akasema, mikono bado juu. "Hakuna skurubu hata moja iliyoshika. Nilijua tangu asubuhi."