Hodi ya Ridhiwani

Ridhiwani hakuwahi kusubiri aitikiwe. Akifika mlangoni husema mwenyewe, "Hodi! Karibu!" kwa pumzi moja, akaingia akicheka. Mama yangu, mtu wa Lindi wa kizamani, alikuwa akinuna. "Mgeni wa kujikaribisha ana haraka ya nini?" Sisi wengine tulishazoea. Alikuwa rafiki wa mdogo wangu Kitwana tangu shule ya msingi, na ndiye aliyeniambia asubuhi ile, "Da Zule, twende Kariakoo. Mitambo niachie mimi."

Mitambo yenyewe ilikuwa ya studio ya Kitwana, kile chumba chake cha uani pale kwetu Ilala. Ile ya kwanza iliondoka pamoja naye. Siku ya maulidi mimi na Mama tulimwacha anarekodi. Tuliporudi mlango uko wazi, laptop hakuna, maiki hakuna, Kitwana hakuna. Ridhiwani naye hakuwepo, alikuwa Lindi kwa shangazi yake, alituapia msahafu mkononi. Polisi tumekwenda. Hospitali tumezunguka. Mochwari nimeingia mimi Zulekha kwa miguu yangu. Patupu! Mpaka siku ile Mama alikuwa anamfulia mashati, anayapiga pasi, anayatundika. Juzi yake akasema, "Kile chumba kikizidi kunyamaza nitakufa. Washeni studio. Akisikia muziki wake atarudi." Utamwambia nini mzazi? Nikavunja kibubu cha saluni yangu.

Kariakoo siku ile kila duka lilikuwa linapiga wimbo wa Ridhiwani. Ndiyo, wake. Ulitoka baada ya Kitwana kupotea, ukampaisha, hata watoto wanauimba. Wallahi nilimfurahia. Ila kitu kimoja kilinishangaza: kila tulipoukuta unapigwa, alikaza mwendo.

"Chukua kompyuta ya mezani," alinishauri. "Ina nguvu, inabeba programu nzito za muziki, haichemki ovyo."

"Na umeme wa Ilala ukikatika katikati ya wimbo? Nataka laptop yenye betri."

"Laptop za mtumba betri zote zimekufa, da Zule."

"Basi tutaijaribu kabla ya kununua. Wasiwasi wa nini?"

Mimi nina mdomo, sikatai.

Mtaa wa Msimbazi nikaona duka dogo, limejaa laptop, maiki na spika. Ridhiwani akanishika mkono. "Hapo hapana. Wapigaji hao, matapeli watupu."

"Walikupiga wewe?"

"Nasikia tu."

Ukinikataza ndiyo umenituma. Nikaingia. Mwenye duka, kijana wa Kiarabu aitwaye Amjad, akanisalimia vizuri, kisha akamtazama mwenzangu. "Karibu tena, kaka."

"Umenifananisha," Ridhiwani akasema. "Sijawahi kufika hapa."

Amjad akatabasamu tabasamu la kibiashara, yakaisha. Kwangu hayakuisha. Yalinikwama kama mwiba wa samaki.

Akanitolea laptop moja nyeusi, akaiwasha. "Hii inakufaa, dada. Memori ya kutosha, betri nzima kabisa, programu ya kurekodi nimeshaweka. Na midundo mingi tu, nyongeza yako ya bure."

"Midundo unaitoa wapi?"

"Kila laptop inayoletwa hapa naikopi kwanza, ndipo naipiga window."

Kupiga window ndiyo kule kuifuta yote na kuianza upya, ukainunua kama haijawahi kuwa ya mtu. Mafundi wote wa Kariakoo wanafanya. Ila hili la kukopi kwanza lilikuwa geni kwangu, na nadhani kwa Ridhiwani pia.

"Unakopi ya nini?" akauliza.

"Kazi ya mtu, kaka, kuitupa naona dhambi. Sina hata muda wa kuisikiliza, lakini naitunza."

"Da Zule, twende zetu."

"Hebu niache nisikie spika!" nikamjia juu, nikabonyeza faili la juu kabisa.

Mtu akakohoa. "Maiki, maiki. Haya, Mama na da Zule wako maulidini, nyumba imetulia, acha nipige kazi."

Kitwana! Nilishika meza kwa mikono miwili. Mdundo ukaanza, na mdundo huo nilikuwa nimeusikia asubuhi nzima, duka baada ya duka. Kitwana akaimba mstari wa kwanza, akakosea, akajicheka. Ndipo mlango ukalia, mle ndani ya kompyuta.

"Hodi! Karibu!"

Kwa pumzi moja.

"Zima," Ridhiwani akasema. Hakuna aliyezima.

"Mbona unafunga mlango, Ridhi?" Kitwana aliuliza, bado ana kicheko.

"Nipe huo wimbo."

"Aa, kaka, huu siuzi."

Ridhiwani akajirusha juu ya meza, akang'oa waya ukutani. Yeye, bingwa wa mitambo! Laptop ikaendelea kama haikuguswa. Kiti kikaanguka. Kikaanguka kitu kingine, kizito. Kitwana akaita mara moja tu, na hakumwita Mama, aliniita mimi: "Da Zule!" Baada ya hapo ukabaki mdundo peke yake.

Ridhiwani akageukia mlango. Nje mtaa umefurika, na neno moja lilitosha. Mwizi! Ningelipiga lile yowe asingefika kona, Kariakoo haina mahakama. Neno lilishafika ulimini, na Mungu anisamehe, nililitaka. Lakini wangemuua, na Kitwana angebaki hukohuko aliko, Mama akimpigia pasi mashati mpaka anaingia kaburini. Nikalimeza. Nikamtangulia mlangoni, nikasimama. Amjad, bila kuambiwa, akashusha geti la chuma nyuma yangu.

"Ridhiwani," nikasema. "Hodi."

Alinitazama. Kisha akalitazama geti.

"Hodi." Nilikuwa nalia sasa. "Nabisha hodi kistaarabu, mimi dada yako, nimekulisha kwa mkono huu. Itikia! Mdogo wangu umemweka wapi?"

Akateleza ukutani taratibu, akakaa sakafuni, akajifunika uso.

"Bondeni," akasema. "Kule Mto Msimbazi, kwenye matete."

Nje wimbo ulikuwa unapigwa duka la pili, watu wanaufuatisha. Nikakumbuka kamba ya nguo pale uani kwetu. Asubuhi ile Mama alikuwa amefua tena.