Mpira Mweupe Unaokwenda kwa Safiyya

Kila siku baada ya sala ya alasiri, kabla wateja hawajajaa, Riyadh mwenye ukumbi alimwachia Ilyas meza ya puli kwa saa nzima, na Ilyas kwa upande wake alikaza miguu ya meza ilipolegea. Ilyas alikuwa seremala, na puli alijifunza kama fundi anavyojifunza randa. Kutia mpira shimoni hakukumshughulisha. Kismayo nzima hutia. Kazi ni ule mweupe, ukishagonga mwenzake usimame pale unapotaka wewe. Ukiupiga katikati, ukome papo hapo. Ukiupiga juu, ufuate. Ukiupiga chini, urudi nyuma. Aliweka karatasi ya daftari mezani, akajilazimisha kuusimamisha juu yake mara kumi mfululizo, na akikosa ya tisa alianza upya. Kisha akaikunja karatasi nusu, akaikunja tena, mpaka ikabaki upana wa kiberiti.

Siku aliyotimiza kumi kwenye upana wa kiberiti, mpira mweupe ulisimama juu ya karatasi, ukapumua kidogo, ukapanda ukingo wa meza, ukashuka sakafuni na kutoka nje.

"Meza yako imelalia upande," Ilyas alimwambia Riyadh.

"Meza yangu? Tazama mkono wako kwanza."

Wakaweka kisahani cha maji katikati ya meza. Maji yakatulia sawa, hayakuegemea popote. Basi si meza. Ilyas akatoka kuufuata mpira.

Ulikwenda mwendo wa mtu asiye na haraka. Ulisubiri bajaji mbili zipite, ukakata kona ya msikiti, ukaingia uchochoro wa kuelekea bandarini, ukasimama kwenye kizingiti cha nyumba ya mawe yenye mlango wa kijani. Mwanamke mwenye unga mikononi akafungua. Jina lake Safiyya. Aliuokota mpira, akaupangusa kwa upindo wa nguo, akauweka kwenye sahani pamoja na sambusa tano, kwa kuwa kitu cha watu hakirudishwi kikavu.

Mamake Ilyas, Kulthumu, aliikimbia Kismayo mwaka wa tisini na moja, Ilyas akiwa tumboni. Walirudi kutoka Mombasa mwaka juzi wakapanga chumba kimoja, na hajawahi kumwonyesha mwanawe nyumba yao. Hakuwa na ubavu wa kuona dirisha lake lina pazia la mwingine. Jioni hiyo aliitazama sahani, akasikiliza kisa cha mpira, akauliza, "Kizingiti kina ufa?"

"Kina."

"Waanzia kushoto?"

"Kushoto."

Akala sambusa moja huku machozi yakimtoka. "Ndiyo nyumba ya babako. Mawe yale aliyaleta kutoka kisiwa cha Kudhaa kwa mkono wake. Mpira una akili kuliko wachu wenye vichwa."

Kisha akaiosha sahani, akaijaza vitumbua, akampa mwanawe aipeleke. Sahani ya mtu hairudi tupu, awe mtu gani.

Ilyas alitaka kujua kanuni ya jambo lenyewe. Alijaribu kuupiga ubavuni, akajaribu mkono wa kushoto, akaazima mpira mweupe wa meza nyingine. Yote sawa. Akifikisha tisa, mpira hukaa mezani kama mpira mwingine wowote. Akitimiza kumi, huondoka. Akagundua kuwa siri haikuwa kwenye mpira, ilikuwa kwenye mkono wake ukishanyooka. Alifurahi mno, usiku hakupata usingizi. Siku moja mlango wa kijani ulikuwa wazi, mpira ukapita ukumbini ukasimama chumba cha ndani chini ya dirisha, mahali Kulthumu alipokiweka kitanda chake cha arusi. Safiyya akasogeza mkeka ili upate nafasi.

Miezi mitatu sahani zilikwenda na kurudi. Ilyas akaenda kwa wazee wa mtaa kudai nyumba. Hati zilipotea baharini, akasema, ila shahidi anaye.

Wazee walikuja penye mlango wa kijani, Kulthumu naye ameitwa, wakauona mpira ukipita miguuni mwao na kuingia chumbani. Hakuna aliyebisha.

"Mpira haudanganyi," alisema mkubwa wao. "Nyumba ilikuwa yenu."

Ilyas alishaanza kuupima mlango kwa macho. Ndipo Shuaibu, mumewe Safiyya, mtu wa maneno machache, akamgeukia Kulthumu kwa adabu.

"Eddo, shangazi yangu, vile vitumbua ulikuwa ukimpelekea nani?"

"Safiyya."

"Ukivipeleka wapi?"

Kulthumu hajawahi kusema uongo juu ya chakula. "Nyumbani kwake," akajibu.

Wazee wakatazamana. Aliyepeleka sahani kwa mtu miezi mitatu amemkubali kuwa jirani, wakasema, na jirani hamtoi jirani nyumbani kwake. Wakaamua Shuaibu abaki. Wakaamua pia kwamba mlango wa kijani uachwe wazi kila alasiri, mpira usije ukangojeshwa juani. Ilyas alitamani kumpiga mtu, na hakujua ampige nani.

Kesho yake alipiga kumi bila kukosa. Mpira ukaondoka, naye hakuufuata. Magharibi ilipokaribia Safiyya alikuja mwenyewe, macho chini, mpira kwenye sahani na halua pembeni. Kulthumu akampokea, akamuuliza hali ya watoto, akamsindikiza mpaka mlangoni.

"Mama, sahani hiyo isirudi," Ilyas alisema. "Ivunje. Sahani hizi ndizo zilizotutoa."

Kulthumu alikuwa ameshaanza kuiosha.

"Wao wamekaa na nyumba yetu," akasema. "Na siswi tukae na sahani yao, tuwe sawasawa nao?"

Akaipangusa sahani, akaenda kukoroga unga.